Kwa Nini Mzee Alikataa Kuhama

Dar es Salaam
20 Julai 1973

Baba mpendwa,

Shikamoo. Tangu nirudi huku kuna sauti moja haijaniacha: mlio wa kiti chako ulipokisukuma nyuma ukainuka, katikati ya mchezo wetu pale kijijini. Watu wote walikuwa wakicheka, lakini mimi nilisikia kiti tu.

Hujambo lakini? Kifua kimepoa? Mimi ni mzima, na wanafunzi wangu pia.

Sikukuaga vizuri kwa sababu lori lilikuwa likitungoja kutupeleka stesheni. Niambie, uliumwa, au nilikukosea? Mchezo ule nimeuandika kwa miezi mingi, nimewafundisha vijana kumi na wawili, na yule Mzee Sihami nikamwigiza mwenyewe, maana hakuna mwanafunzi aliyeweza kutembea kama mzee wa kwetu. Nilitaka ujivunie.

Mwanao,
Melania

Simbo
2 Septemba 1973

Mwanangu Melania,

Marahaba. Namshukuru Mungu, kifua ni kilekile. Dada yako Eufrasia anakusalimu, amejifungua salama mtoto wa kike.

Sikuumwa. Nilijiona nikitembea mbele ya watu na mguu wangu huu wa kushoto, na koti langu, na kukohoa kwangu. Sasa nikipita kisimani watoto wanaita, "Mzee Sihami!" Juzi kwenye mkutano jirani yetu Bonifasi ananiambia, "Sogea kidogo, mzee, au hata kwenye benchi hutaki kuhama?" Wakacheka mpaka nami nikacheka. Ningefanyaje?

Hilo nalivumilia. Lakini mzee wako anakataa kuhamia kijiji kipya kwa sababu ya pombe yake ya ndizi. Wewe unajua mimi nilikataa kwa nini. Ulikuwapo tulipomzika mama yako Marsiana nyuma ya nyumba, chini ya michikichi. Tangu tuhamishwe, pale ni nyasi tupu, na kwa mguu huu siwezi kwenda nikarudi siku moja. Ulijua, ukaandika pombe.

Sikulaumu. Nakuuliza.

Baba yako,
Leodgar

Dar es Salaam
11 Novemba 1973

Baba,

Shikamoo. Mpe pongezi Eufrasia. Nimechelewa kwa sababu kila barua niliyoianza niliichana.

Niliandika pombe kwa sababu pombe inachekesha, na mchezo unaochekesha haukaguliwi sana. Hilo ndilo jibu langu, nalo linaniaibisha.

Nimeuandika upya. Sasa mzee anasimama peke yake, anaeleza kuhusu kaburi la mkewe. Jana niliigiza hapa chuoni, hakuna aliyecheka. Mwanafunzi wangu Anatoli alikuja nyuma ya pazia macho mekundu, akasema, "Mwalimu, mbona ulituficha haya?"

Mwezi wa tatu tunafanya ziara, Tabora halafu Kigoma mjini. Utakuja?

Mwanao,
Melania

Simbo
5 Januari 1974

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, ila mvua ni nyingi.

Nitakuja. Eufrasia atanisindikiza. Nimemwambia Bonifasi naye aje, asikie kwa masikio yake. Nitakaa mbele kabisa, wala safari hii siinuki.

Baba yako,
Leodgar

Tabora
4 Machi 1974

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta bado uko nyumbani.

Kamati iliyopanga ziara iliusoma mchezo. Walisema maneno ya kaburi yatawarudisha watu nyuma. Niyaondoe, au sote turudi Dar es Salaam bila kuigiza, na mimi nisitegemee kupewa mchezo mwingine. "Ndugu Melania, ni dakika nne tu," mwenyekiti wao aliniambia, kwa upole kabisa.

Nilifikiri siku mbili. Ningeweza kukuambia niliwahurumia wanafunzi, na ni kweli kidogo. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa kubaki bila jukwaa.

Usije Kigoma, Baba. Bonifasi mwambie lolote.

Jumamosi niliigiza hapa. Pombe nimeirudisha. Kuhusu Mama sikusema neno.

Mwanao,
Melania