Bahasha Mbili za Zanskar

Leh, India
2 Oktoba 2013

Kwako yaya Marie-Claire, dada yangu mkubwa na bosi wa vichwa vyote vya Warwick,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nasalimu saluni yote, mpaka ile feni inayolia. Afya iko namna gani? Mguu unaovimba umetulia? Mimi niko mzima isipokuwa kichwa. Huku juu hewa ni kidogo. Siku tatu nimetapika kama mama mwenye mimba changa. Profesa Colette anasema ni sababu ya milima. Najua wewe ungesema ni sababu ya mdomo.

Sasa sikia mdogo wako alipofika. Mimi Glody, niliyeacha shule grade nane, msukuma mkokoteni wa soko la Warwick pale Durban, nimepanda ndege tatu. Nadhani mimi ni Mkongo wa kwanza kukanyaga hapa. Kama kuna mwingine alinitangulia, alikufa njiani, huyo hahesabiki.

Kazi ni ileile aliyonikuta nayo Profesa pale sokoni: kubeba. Yeye anapiga picha za michoro ya zamani kwenye monasteri, yaani nyumba za watawa wa Kibudha, wale wanaume wa vipara na mashuka mekundu. Mimi nabeba kamera, taa na betri. Jana tuliingia kwenye chumba cheusi, na ukutani wamechora jamaa mweusi tii, macho makubwa, moto nyuma yake, meno nje. Mtawa mmoja mzee akamtazama yule, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini. Tsering, mwenye hoteli yetu, akanifafanulia kwamba huyo ndiye mlinzi wa nyumba, anafukuza mashetani. Umeona, yaya? Durban wananitukana kwerekwere, mgeni asiyetakiwa, huku nimechorwa ukutani nawashiwa taa ya siagi.

Kesho tunaingia bonde la Zanskar. Theluji inafunga barabara mwezi wa kumi na moja, tutatoka mwezi wa sita. Simu hakuna, na ile ya setilaiti mgeni akishikwa nayo anafungwa. Basi tumepanga hivi: wewe andika imeili kwa Tsering, yeye ataichapa na kumpa mtu anayekuja kwetu kwa miguu. Mimi nitaandika kwa mkono, yeye atapiga picha karatasi na kukutumia. Hajui Kiswahili hata neno, kwa hiyo sengenya bila woga.

Faili letu la wakimbizi, la kuhamia Canada, lisikusumbue. Limelala miaka sita, litalala mingine sita.

Mdogo wako,
Glody

Durban
23 Oktoba 2013

Mdogo wangu Glody,

Salamu nyingi kutoka kwa watu wenye hewa ya kutosha. Sisi tuko wazima kwa neema ya Mungu. Mguu bado ni ule ule, nasuka nimekaa kwenye kreti. Je, unakula? Unavaa soksi mbili kama nilivyokuambia, ama unamwonyesha mzungu kwamba wewe ni mwanaume?

Barua yako nimeisoma saluni kwa sauti. Mama Epiphanie, yule Mrundi anayesuka kiti cha pili, amesema yule wa ukutani kweli ni wewe, hasa meno. Wateja wamecheka mpaka mmoja nikamsuka mstari wa kombo.

Usiseme faili litalala. Usiseme hivyo. Mimi naliombea kila Jumapili na wewe unalicheka. Bon. Heshimu hao watawa, usiguse vitu vyao, na usiwaambie kwamba unajua karate.

Yaya wako,
Marie-Claire

Zanskar
20 Novemba 2013

Yaya mpenzi,

Upokee salamu baridi, maana huku hakuna za moto. Natumaini mguu unakutii. Mimi ni mzima na navaa soksi tatu, andika hiyo.

Kuhusu karate umechelewa. Nilishawaambia. Watawa wadogo wananisubiri uani kila asubuhi niwaonyeshe, na mimi nimeishiwa mitindo, sasa nawafundisha vile tunavyosukumana kwenye foleni ya taxi.

Tumefika monasteri ya tatu. Imebandikwa juu ya mwamba kama mtu aliyekataa kushuka. Ndani wanaume hamsini, mbwa wawili, na jiko moja linalowaka kwa mavi makavu ya ng'ombe. Chai yao wanatia siagi na chumvi. Chakula ni unga wa shayiri, unaukanda na chai hiyohiyo mkononi, unakula. Nimewaambia kwetu bugali inapikwa, wakanihurumia.

Nilijisifu kwamba mimi nabeba kilo arobaini bila kupumzika. Mtawa mwenye miaka sabini, Lobzang, akabeba gunia langu akanipita kwenye ngazi akiwa anasali. Usisome hapo kwa sauti.

Mtu wa mwisho anavuka leo, ndiye anaondoka na barua hii. Nyuma yake njia inafungwa. Mwezi wa kwanza mto unaganda, na watu wanatembea juu ya barafu siku saba mpaka kufikia barabara. Ndiyo posta yetu.

Mdogo wako,
Glody

Durban
11 Desemba 2013

Glody,

Nakusalimu haraka. Niko mzima, kaa chini usome.

Wamepiga simu. Faili limeamka. Watu wa Canada wanakuja Durban, intavyuu yetu ni tarehe 24 Februari, saa tatu asubuhi. Wote wawili. Nimeuliza mara tatu, yule wa simu akasema kila mtu aliye kwenye faili awepo kwa sura yake. Nikakosa nguvu ya kusema uko wapi. Nikajibu sawa, tutakuja.

Sasa nisikilize. Kwenye faili wewe ni mtoto wangu. Unakumbuka 2007, kwenye foleni, watu wakatuambia ndugu wanatenganishwa lakini mama na mtoto hapana. Ulikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba kama kijiti, nikaandika "mwanangu", nikajiongezea miaka mitatu. Basi usije ukaniita yaya mbele yao. Ni mama. Anza kuzoea.

Toka huko, mdogo wangu. Barafu ikishika tu, toka.

Marie-Claire

Zanskar
4 Februari 2014

Yaya,

Natumaini uko salama. Mimi niko hai, hiyo itoshe kwanza.

Barua yako ilinifikia tarehe 19 Januari. Kesho yake nikaondoka na wabebaji wanne. Nilisema mimi wa Warwick sitashindwa na barabara ya maji. Siku ya tatu barafu imepasuka mbele yetu, mto mzima uko wazi, ukuta wa mawe huku na huku, hakuna pa kupita. Tukangoja siku mbili ndani ya pango. Nilitumbukia mguu wa kulia hadi gotini. Wamenirudisha kwa zamu mgongoni, mimi mbebaji nikibebwa kama gunia. Vidole viwili vimekuwa vyeusi kuliko mimi. Lobzang anavipaka mafuta na kunikataza kushuka ngazi.

Basi nikamwomba Profesa aandike barua kwa ofisi ya Canada, aeleze nimekwama. Akaandika ukurasa mzima kwa Kiingereza cha chuo kikuu. Akanipa nisome kama iko sawa. Yaya, wewe unajua Kiingereza changu, ni cha sokoni, kinajua bei na matusi. Niliangalia mistari, nikaona jina langu, nikaona jina lako, nikasema, "Perfect, Prof." Sikutaka anione nasoma kwa kidole. Tarehe 2 wabebaji wamepita tena pembeni ya mto wakaenda nayo. Tsering ataituma ofisini moja kwa moja.

Jana tunakula, Profesa ananifariji. Akasema, "Usijali, nimewaeleza vizuri vile unavyompenda dada yako, na vile alivyokulea wewe mdogo wake." Nikaweka bakuli chini.

Ameandika mdogo wake. Mimi ndiye nilimwambia hivyo tangu Durban, kila siku yaya wangu hivi, yaya wangu vile. Hakuna mtu aliyemwambia kuna uongo wa kulinda.

Nilishuka zile ngazi na mguu wangu mbovu mpaka mtoni. Niliwaita wale wabebaji. Nyayo zao zilikuwa bado ziko juu ya theluji, unaziona zinakwenda zinapinda kwenye mwamba. Lobzang alikuja akakaa karibu na mimi, akaanza kuzungusha rozari yake. Nikamwambia kwa Kiswahili aniombee hao watu waanguke. Halafu nikamwambia asiombe hivyo.

Kesho kuna wawili wanajaribu, wa mwisho mwaka huu. Nawapa hii. Barua ya Profesa imenitangulia siku tatu na sina namna ya kuifikia. Yaya, nisamehe. Ama nitukane, lakini andika.

Glody

Durban
28 Februari 2014

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwa upole. Vidole vyako vikoje? Mimi mguu nimeusahau kabisa, siku hizi nina mengine.

Barua yako niliipata Jumamosi, intavyuu Jumatatu. Nilifikiri nisiende. Mama Epiphanie akanivalisha kitenge chake kizuri, akanisindikiza hadi mlangoni.

Alikuwa mwanamke wa miwani, na mkalimani Mkenya. Akafungua faili, barua ya Profesa wako iko juu kabisa. Akauliza, "Glody ni mtoto wako ama mdogo wako?" Nikamwambia mama yetu alikufa wewe ukiwa na mwaka mmoja, mimi kumi na sita. Nikamwambia nilikufunga mgongoni siku hiyo, na Uvira tulitoka umeshika sketi yangu. Nikasema, "Sasa Madame, chagua wewe neno, mimi nitaweka sahihi." Mkalimani alitafsiri polepole. Yule mama akavua miwani akaifuta. Akasema anaelewa kabisa, lakini fomu haina nafasi ya kuandika hayo.

Hawakunifukuza. Wamesahihisha faili. Mimi nimekubaliwa. Wewe ni mtu mzima, mdogo wa mtu, unatolewa. Unaweza kufungua faili lako mwenyewe ukirudi, kuanzia mwisho wa foleni. Ama mimi nilikatae, tufungue jipya sote wawili, kuanzia hukohuko mwisho, na hakuna mtu anayeahidi kitu. Lazima niweke sahihi ya kwenda ama ya kukataa kabla ya tarehe 30 Aprili. Nimeomba wanisubiri mpaka mwezi wa sita utoke bondeni. Wamesema hapana.

Nimekulea bila kukuuliza kitu hata kimoja. Hiki nakuuliza. Niende ama nibaki? Sitaki kuamua peke yangu halafu niamke kila siku nikiona uso wako. Tsering anasema mto umefunguka mapema, hakuna mtu anayeingia, lakini atajaribu kila njia. Nitangoja mpaka saa ya mwisho.

Yaya wako,
Marie-Claire

[Juu ya bahasha ya kwanza, kwa Kiingereza cha sokoni: Tsering, uliza kwanza dada yangu yuko wapi. Tuma hii ikiwa dada yangu alikwenda. Ile nyingine uichome.]

Zanskar
20 Aprili 2014

Yaya wangu wa Canada,

Nakusalimu na koti lako jipya. Huko baridi ikoje? Chochote utakachoniambia nitasema ni joto.

Helikopta ya jeshi ilileta daktari kwenye mji mdogo wa bonde hili tarehe 17, na barua yako ilikuwa ndani. Helikopta iliondoka saa ileile. Mtoto wa mpishi wa hapa ametembea siku mbili kunifikishia karatasi, imefika leo. Njia ya kutoka ni mwezi wa sita. Unaona hesabu. Nina jibu mkononi na siku kumi, na kati yetu kuna milima ambayo haikusoma barua yako.

Jibu ni nenda. Angalia tarehe huko juu, ni 20 Aprili, muda haujaisha. Ukiwaza umeniacha, uliniacha kwa ruhusa yangu. Mimi nina vidole vinane na kazi, Profesa ananitaka mwaka ujao, na watawa wamenipa jina lao, refu, maana yake nimeisahau ila ni nzuri. Nitafungua faili langu mwenyewe na nitalisoma kwa kidole, mbele ya watu, kila mstari. Profesa nimemkataza kuandika chochote. Amelia, nikambembeleza mimi.

Nenda, yaya. Kwenye ndege kaa dirishani.

Mdogo wako,
Glody

[Juu ya bahasha ya pili, kwa Kiingereza kilekile: Tsering, tuma hii ikiwa dada yangu yuko Durban. Ile nyingine uichome.]

Zanskar
20 Aprili 2014

Yaya,

Natumaini uko mzima na mguu umepona. Mimi niko mzima.

Barua yako nimeipata leo. Jibu ni baki. Angalia tarehe, nilisema kabla, kwa hiyo si wewe uliyekataa, ni mimi niliyekuzuia. Watu wakikuuliza, taja jina langu.

Naogopa kurudi kwenye kile chumba chetu cha Durban na kukuta kitanda kimoja.

Nitafika mwezi wa sita. Usipike kitu chenye siagi.

Glody