Jiwe Moja Liko Kwako, Wifi

Wifi Skola,

Sogea karibu, nina umbea mpaka kifua kinawasha. Walio hai wote washausikia kwangu mara tatu tatu, umebaki we tu.

Mashine yako haijang'olewa! Jamani wifi, haijang'olewa!

Ngoja nianzie mbali, maana uliondoka ikiwa bado kwenye boksi. Tulivyokuzika, kwenye chumba chako cha redio koli pale parokiani wakamweka Mzee Pius, yule anayetembea kama anakanyaga mayai. Wakaifungua ile mashine mpya. Wifi, ina mbio! We si ulikuwa unapiga kelele mpaka koo linakauka, "Inyonga, Inyonga, unanipata?" Hii haina kelele. Mzee Pius anaandika barua ya mtu, mashine inaikata vipande vipande kama mboga, inavirusha hewani, kule Inyonga mwenzake anaviunga. Kila kipande kikipita, namba kwenye kile kidirisha inaongezeka moja.

Ila kidirisha chenyewe ni kama kile cha redio yako kilichokuwa kinahesabu ujumbe, kina nafasi ya namba chache tu. Zikijaa tisa zote, zinageuka sifuri, zinaanza upya. We hilo ulilijua. Ukachukua akili ya baba yako, alivyokuwa anahesabu ng'ombe wakitoka zizini: vidole vikiisha anaangusha jiwe chini, anaanza vidole upya. Ukaniambia, "Wifi, vidole havidanganyi. Anayedanganya ni aliyesahau jiwe." Ukaweka kopo la maziwa chini ya meza. Kila Jumamosi unasoma namba, ukikuta imeshuka kuliko ya Jumamosi iliyopita, unajua imezunguka, jiwe kwenye kopo. Mi nakutania, "Mtu mzima huyu anacheza mdako!" Unanitupia kitambaa cha vumbi. Kitambaa chenyewe bado kipo pale, sijakubali kifuliwe.

Basi, Mzee Pius akakufuata hivyo hivyo. Jumamosi, namba, jiwe. Anawapelekea wakubwa Tabora. Mara Tabora wakasema eti watu wa Mpanda mashine hawaitumii, namba zao kiduchu, wanakuja kuing'oa waipeleke kwingine.

Sasa mi nitaishije, wifi? Nyamizi wangu si kaolewa huko Inyonga kwa wale wa tumbaku, na alikuwa na mimba ya kwanza, na mvua ikikolea basi linalala porini. Bila ile mashine ningejuaje mwanangu kajifungua salama au vipi? Na benchi linajaa kila siku! Wake za warina asali, Wasukuma wanaulizia ndugu zao, wote wanasubiri. Sasa hawaitumii nani?

Mihogo yangu nauzia pale pale mlangoni, na macho yangu unayajua, hayatulii. Nikitua sufuria asubuhi, namba ndogo. Mchana imenona. Watu wakianza kurudi makwao, ndogo tena! Nikamwambia Mzee Pius, "Baba, kitu hiki kimezunguka leo leo, na Jumamosi bado iko mbali." Akanijibu, "Mama Nyamizi, we angalia mihogo isiungue." Kesho yake, hivyo hivyo.

Kumbe wifi! Kuangalia Jumamosi kwa Jumamosi kulifaa redio yako ya kizee. Hii inazunguka wiki nzima kama mbuzi kwenye kigingi, halafu Mzee Pius anaipa jiwe moja. Na namba ya Jumamosi ikitua juu kuliko ya ile iliyopita, hata hilo moja haipewi! Mizunguko yote inapotea, Tabora wanaona tumelala.

Siku ya kung'oa ikafika. Landrova hiyo, fundi mkubwa huyo, wenzake na spana mkononi. Nikamwahi, nikamkalisha benchini na chai na mhogo. "Karibu baba, kula kwanza, hatukimbii. Ila macho usiyatoe kwenye kile kidirisha." Namba ilikuwa imenona, na Mzee Pius anarusha barua juu ya barua. Mhogo haujaisha, sifuri zote hizo hapo! Fundi akaacha kutafuna.

"Hii mnaisoma lini?"

"Jumamosi," Mzee Pius akasema.

Akacheka mpaka chai ikamtokea puani. Eti kule Tabora hakuna aliyewahi kuuliza, na huku hakuna aliyewahi kusema. Akaagiza iangaliwe kila saa, kabla haijapata upenyo wa kuzunguka mara mbili tusiione. Spana zikarudi kwenye gari.

Halafu akaliona kopo. Akasema aliyelianzisha alikuwa na kichwa. Nikamwambia ni wifi yangu, ni wif... Nikaenda kuangalia moto ambao haukuwa na shida yoyote.

Sasa benchi zima ni walinzi. Sifuri zikitokea, wa karibu anaangusha jiwe. Mama Doto wa benchini alituponza, barua yake inapita akaangusha mawili kwa mapenzi! Tukaweka sheria: mwenye barua inayopita kwenye mashine haruhusiwi kugusa kopo, asije akajipendelea.

Basi sikia. Leo barua iliyokuwa inaingia ni yangu. Nimekaa mikono mapajani kama mwali. Mzee Pius anasoma: Nyamizi kajifungua! Wa kike, wote wazima, na jina wamempa Skola! Wifi, nilipiga kigelegele mpaka kuku wa parokia wakakimbia. Benchi zima likasimama, Mama Doto anacheza, hata Mzee Pius alikanyaga kwa nguvu. Kuja kugeuka, namba ilishapita sifuri, na kopo hakuna aliyeligusa. Wakaniangalia. Nikasema jiwe la mzunguko huo si la kopo, ni la wifi.

Nimelibeba kwenye kanga mpaka hapa kaburini, nimeliweka upande wa kichwani. Mzee Pius nimemwambia kwenye hesabu aliandike, ila asilitafute kwenye kopo.

Lala salama wifi yangu, mama wa maneno yangu yote. Kidirisha chako sitakipa mgongo hata mihogo iungue. Na Skola akishaweza kushika jiwe, nitamleta akae benchini, nimwonyeshe pa kuliangusha.

Wifi yako wa domo,
Mama Nyamizi