Kikombe Kilicho Nyuma ya Samaki

Sangju,
24 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Bo-ram,

Hujambo huko Hamburg? Baridi inakutesa? Unakula, au bado unakunywa kahawa na kuiita chakula cha mchana? Sisi wazima. Baba kikohozi kimemwacha, domo ndilo halijamwacha. Mwanao Sol kanenepa mashavu, na jino lake lililong'oka tumelirusha paani ili kunguru amletee jipya.

Najua unachosubiri kusikia, basi nisizunguke. Bado hataki kushika simu yako. Ukipiga tu, huyo chini ya meza. Nimembembeleza, nimemfokea, wapi! Usilie, mdogo wangu, soma kwanza.

Nilisema nimtengenezee lambalamba za persimoni, matunda ya mti wetu, na mtindi, maana mtindi anaupenda kama wewe. Haraka zangu unazijua. Nikachukua persimoni za kwenye kapu kabla hazijalainika, nikazisaga na mtindi na asali, nikamimina kwenye vikombe vya karatasi, nikachomeka vijiti, nikatia kwenye friza. Kesho yake nikaonja wa kwanza, kama bosi. Lo! Ulimi ulikauka kama nimelamba chokaa.

"Tamu?" Sol akauliza.

Nilitaka kusema tamu sana, mdomo ukagoma. Baba alicheka mpaka akashika mbavu. "Umezaliwa chini ya mti huo na hujui persimoni iliyoiva! Mtu mzima ovyo!" Sol naye akaangua kicheko, kile kicheko chako cha kukwaruza. Hatukuwa tumekisikia tangu uondoke. Nilitamani kulia kwa furaha, Bo-ram, na ulimi wenyewe umeganda.

Mara ya pili tulisubiri mpaka zikawa laini, ukizigusa zinataka kupasuka. Sol alizikamua kwenye chujio, mimi nikakoroga mtindi. Alilamba mwiko kuliko alivyomimina. Safari hii zilitoka tamu kweli, hata watoto wa jirani sasa wanabisha hodi bila aibu.

Siku zile zile Baba alimaliza kuchuma, akaacha zile za kileleni kwa ajili ya kunguru. Sol akamuuliza kwa nini haziangui zote.

"Ili wajue hapa ni kwao pia," Baba akamwambia. "Na kunguru akija kulia asubuhi, ujue kuna mgeni njiani."

Mtoto akakimbilia kucheza. Nami nikasahau.

Jana nafungua friza, nyuma ya samaki naona kikombe kimoja cha lambalamba kimebaki. Nikadhani kimesahauliwa. Unanijua na vitamu. Hata sijakifikisha mdomoni, nikasikia, "Weee, mama mkubwa! Rudisha! Ya mama hiyo!"

"Mama yuko mbali, mwanangu. Itakaa mpaka lini?"

"Mpaka aje. Babu kaacha za kunguru, mimi nimeacha ya mama."

Nilikirudisha, nikajifanya natafuta vitunguu saumu ili asinione uso.

Kwa hiyo Jumapili ukipiga, usimuulize habari za shule, wala usimwombe tena msamaha. Muulize tu kama kikombe chako bado kipo. Nina hakika atatoka chini ya meza. Na likizo ya Mwaka Mpya kaiombe sasa hivi, usinipe visingizio. Njoo umwone mwanao.

Mume wangu Gi-tae anakusalimu sana, na Baba anasema uvae soksi. Nisalimie Hwa-yeong, mwenzako wa chumbani. Mbingu zikutunze, mikono yako isipasuke kwa baridi, na usingizi wako uwe mtamu.

Wako akupendaye tangu nikikubeba mgongoni,
Dada yako Mi-hyang

Nilikuwa nafunga bahasha, Sol kaning'ang'ania niongeze maneno yake, na kasimama hapa kuhakikisha siyabadilishi: "Mama, fanya haraka. Mama mkubwa anakiangalia sana."