Foronya ya Mama

Kaka,

Nimewahi zamu kazini. Chai iko kwenye chupa. Dawa ya maumivu ya Mama ni saa kumi, vidonge viwili, usichelewe.

Asubuhi nimebadilisha foronya yake, nikakuta pembe imetafunwa na ina damu. Nikamuuliza. Akasema, "Kaka yako anasema nikilalamika sina imani. Basi nauma mto mpaka amalize kuomba." Na ukiwepo, dawa anaikataa.

Mama anakufa, na bado anakuogopa wewe!

~~Usiingie chumbani kwake.~~ Ingia. Mpe dawa kwanza, umwambie kwa mdomo wako kwamba kulia si dhambi. Ndipo uombe, tena taratibu. Hata mimi naomba, Mungu huyohuyo.

Foronya ndiyo hiyo hapo mezani. Utaifua wewe.

Mdogo wako