Kula Saa Sita

Dada Sakina,

Assalaam aleikum. Naanza na salamu kwa sababu najua ungeninunia kama ningeingia moja kwa moja kwenye mambo ya kazini. Leo ni Jumapili, niko hapa barazani kwetu Nyamirambo, pale pale ulipokuwa unaweka cherehani yako ya miguu kabla kampuni haijatuchukua wote wawili. Nakuandikia kwenye ile karatasi ya kahawia tunayochorea nguo kabla ya kukata, kwa hiyo usinicheke mistari ikipanda na kushuka. Arobaini yako imepita. Nilitaka kukuandikia mapema, ila kila nikianza sijui kama nakulilia au nakugombeza.

Mashine yako amepewa binti mmoja wa mtaa wa Kagugu, Diane. Anashona vizuri, ila anakata uzi kwa meno. Namwambia aache, halafu nakumbuka kwamba maneno hayo ni yako, mimi ndiye niliyekuwa naambiwa. Lebo zenye jina lako nazo bado zipo, boksi zima. Unakumbuka bosi wetu Madamu alivyotaka kila gauni libebe jina la aliyelishona, ili mteja ajue. Sasa Innocent, msimamizi wetu, amesema zisitupwe, tuzimalize. Basi nguo ninazoshona mimi zinatoka na jina Sakina. Siku ya kwanza sikujua nifurahi au nipige kelele. Nikashona tu.

Madamu alikuja msibani, dada. Alijifunga mtandio vibaya, masikio yote nje, akakaa mkekani na sisi, akalia mpaka tukampa maji. Kampuni ilileta gari, ikaleta mchele na sukari. Kila anayenipa pole ananiambia nivumilie, "ihangane, mlipata bosi mzuri." Na ni kweli! Hapo ndipo kichwa kinaponizunguka. Mtu akikutendea ubaya unamchukia, yanaisha. Huyu aliyekulilia namna ile nimfanye nini?

Maana daktari aliyekupima figo aliuliza kama ulikuwa unakunywa maji. Nilikuwa kando ya kitanda chako. Wewe ulifumba macho ukajifanya umelala, nikajibu mimi: "Anafunga sana, daktari, ana siku zake za Ramadhani anazilipa." Niliamini. Kila nilipokukaribisha maji kazini ulikuwa unatikisa kichwa, nami nikasema huyu dada ana imani. Sasa nimekaa nikahesabu. Jamani, ni mwanamke gani anayelipa Ramadhani mwaka mzima? Hukuwa umefunga. Ulikuwa unakwepa kile kitambaa chekundu.

Ngoja nikieleze kama vile hukukijua, labda nikikieleza nitakielewa. Kitambaa kimoja, kipande cha kitenge chekundu, kimetundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Ukitaka kwenda msalani unakichukua, unakiweka juu ya mashine yako, Innocent akipita anajua uko wapi. Ukirudi unakirudisha. Kama hakipo msumarini unasubiri. Wanawake kumi na wawili, kitambaa kimoja. Wiki za kabla ya maonyesho ya mavazi, gauni moja likifumuliwa mara tatu kwa sababu mchoro umebadilishwa, nani ana muda wa kusimama akikodolea macho msumari? Tukaacha kunywa maji. Mimi nilipunguza. Wewe uliacha kabisa.

Lakini presha nayo ulikuwa nayo. Mama yako naye figo ndizo zilizomwondoa, na hakuwahi kushona hata kifungo. Kwa hiyo sisemi kitambaa kilikuua. Wala sisemi hakikukuua. Sijui, dada, sijui kabisa, na hakuna wa kunijibu.

Kilichonichoma ni kwamba wewe ndiye uliyekuwa mwakilishi wetu. Kila mwisho wa mwezi Madamu alikuletea karatasi yenye swali moja, "Kuna shida gani?", nawe uliandika "Hakuna" kwa mwandiko wako ule mzuri wa madrasa. Hakuna! Na sisi tumebana miguu chini ya meza. Siku moja nilishindwa, nikakwambia mbele ya watu wote kwamba kile kiti walichokupa kimekushona mdomo. Uliinama ukaendelea na zipu yako.

Nikumbushe na ile siku ya kiti chenyewe, ucheke kidogo. Innocent alitaka tuchague mwakilishi. Kwa kuwa karakana yetu ina Wakongo, Warundi na sisi wa Nyamirambo, akaamua kuandika tangazo kwa Kiswahili, Kiswahili chake kile cha kubahatisha. Akabandika mlangoni kwa herufi kubwa: KULA SAA SITA, WOTE. Tulicheka! Tukasema leo tumepata bosi wa kutukumbusha tumbo. Ilipofika saa sita tukaenda kula, wote, kama tulivyoagizwa. Yeye alikuwa amemaanisha kura. Boksi la viatu lilikuwa juu ya meza ya kukatia, limetobolewa tundu, na hakuna aliyeliangalia. Wewe peke yako ulibaki, siku hiyo ulikuwa umefunga kweli, na wewe peke yako, mjukuu wa mtu wa pwani, ndiye uliyejua kusoma kosa la Innocent. Tuliporudi alikuwa amenuna. Hakulifungua hata boksi. Akasema aliyekuwepo ndiye mwakilishi, basi. Kesho yake akakuletea kiti chenye mgongo. Sisi tukabaki na stuli zetu.

Kwa muda wote huo nilidhani ulijipigia kura.

Wiki iliyopita Innocent aliniagiza nitoe vitu vyako kwenye droo nimpelekee mumeo. Mkasi, futi, miwani yenye mkono mmoja. Ndani ya kopo la chaki, chini kabisa, kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, imejaa vumbi la chaki. Nilidhani ni vipimo vya mteja. Umeandika jina langu: "Zuhura. Huyu atasema."

Yewe, dada. Nilikaa chini sakafuni na kopo mkononi.

Kwa nini kura yako uliitoa kwenye boksi? Uliniogopea kwa kuwa nilikuwa bado kwenye mkataba wa majaribio, wangeniondoa? Au ulikitaka kile kiti? Mgongo ulikuwa unakuuma, nisingekulaumu. Au ulipanga kunikabidhi siku moja, halafu mimi nikakutukana mbele ya watu, ukaona sistahili tena? Hilo ndilo linaloniamsha alfajiri. Kila jibu nikikupimia linakukaa sawasawa, sijui nikate lipi.

Basi sikiliza nilichofanya jana. Saa sita watu walienda kula, mimi nikabaki. Nilikitoa kitambaa msumarini, nikakitandika kwenye meza ya kukatia, nikachukua mkasi wako, ambao mumeo alinirudishia, akasema sasa mwenyewe ni mimi. Nikakikata. Nilipima kwanza, usinione mshenzi, vipande vyote sawa. Nikaweka kipande kimoja juu ya kila mashine, nikakaa kwenye stuli yangu kuwangoja.

Walirudi. Diane akashika chake, akakigeuza kama anatafuta bei. Kisha akasimama, akakiacha juu ya mashine, akatoka. Wa pili akamfuata, na wa tatu, wote kwa mara moja, na karakana haikuanguka.

Innocent akaja. "Nani amefanya hivi?" Nikasema mimi, mwakilishi. Akanitazama. "Nani alikupigia kula?" Alisema hivyo hivyo, dada, kula! Siku nyingine ningekufa kwa kicheko. Nilimpa karatasi yako. Aliusoma mwandiko wako mara mbili, akakaa kwenye kiti chako, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia tangu uondoke. Niliona macho yake yamekuwa mekundu. Naye alibeba jeneza lako, unajua? Kisha akasema Jumatatu saa mbili niende ofisini kwa Madamu.

Sijui nitakuta nini. Labda atalia tena. Labda atanipa barua ya kuondoka. Labda yote mawili, kwa huyu Madamu wetu hata hilo linawezekana. Naogopa, naona nikwambie wazi. Uliandika kwamba mimi nitasema.

Nisamehe lile neno la kiti. Kama ulinisamehe kabla, nisamehe tena, safari hii ninajua ninachoomba. Nakuahidi karatasi ya Madamu haitaandikwa "Hakuna" kwa mkono wangu, na kesho nitaingia ofisini na chupa ya maji, ninywe mbele yake yote kabla sijaanza kusema. Mungu akulaze pema.

Jambo moja nimekuficha hapo juu. Mashine ni kumi na mbili, ila nilikata vipande kumi na tatu. Chako nimekibana kwa pini hapa chini ya jina langu. Toka wakati wowote unaotaka, dada. Huombi mtu.

Mdogo wako,
Zuhura