Siku Viti vya Klabu Vilipofika Kwetu

Kambi ya Wafanyakazi, Panda,
Likasi.

Jumapili, tarehe 24 Novemba 2024

Mpendwa yaya Magloire, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, wewe pamoja na wifi Jenny na watoto. Hamjambo huko Liège? Baridi imeshaanza kuwauma? Na Elie, kile kikohozi alichokuwa nacho tulipoongea kimekwisha? Sisi tunamshukuru Mungu. Mvua zimeanza vizuri, umeme unakuja na kuondoka kama kawaida yake, mgongo wangu unanisumbua kidogo, lakini nafundisha kila siku na ninakula vizuri mno. Utanikuta nimenenepa.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu Ghislain, mwalimu mwenzangu, anasafiri kuja huko wiki hii na amekubali kubeba bahasha. Kwa simu sikuweza kukueleza haya. Laini inakatika kila dakika, tena mara nyingi Baba huwa amekaa pembeni anasikiliza.

Nianze na swali lako, maana najua unangoja jibu. Mwezi wa tisa uliniandikia kwamba Baba ahamie Lubumbashi kwa binamu yetu Casimir, na nyumba hii tuipangishe. Ukataka jibu kabla ya Noeli. Kimya changu hakikuwa dharau, yaya. Nilikuwa karibu kukubali, na niliona aibu kukubali.

Sikukwambia yote. Tangu tulipomzika Mama mwezi wa tano, Baba alijifungia chumbani. Alikuwa anakula matonge mawili ya bukari, kisha anasukuma sahani. Ndevu hakunyoa, kanisani hakwenda. Ile mashine yake ya kuchomelea, ambayo hata mimi sikuruhusiwa kuigusa, aliifunika gunia. Wazee wenzake wa kiwandani walikuja mara ya kwanza, wakaja mara ya pili, akakataa kutoka, wakaacha kuja. Majirani wakaanza kuniuliza habari zake kwa sauti ya chini. Kila asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni pake nisikilize kwanza kama anapumua. Niliogopa sana.

Mimi angalau nilipata pa kushika. Nilikusimulia kuhusu wale watu wenye vizibao vya kijani waliokuja kutupikia siku tatu za msiba bila kuitwa. Ni klabu ya kujitolea ya hapa Panda. Matanga yalipokwisha nilienda kuwashukuru, nikabaki hukohuko. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana. Tunazibua mitaro kabla maji hayajaingia nyumbani kwa watu, tunawapelekea chakula wagonjwa wasio na ndugu hospitalini, na tunawaazimisha wenye msiba viti na turubai. Tuko Wakatoliki, wako Wapentekoste, wako wachimbaji, wako mafundi wa machimbo ya chokaa ya Kakontwe wanaofika na vumbi jeupe kwenye nyusi. Kazi ikiisha tunakula pamoja. Rais wetu ni Mama Orpa, anauza samaki wakavu sokoni, na ni Mpentekoste kwelikweli. Akishika sala, bukari inapoa, nasi Wakatoliki tunachungulia sufuria kwa jicho moja. Nimecheka pale kuliko mahali pengine popote mwaka huu.

Sasa sikia nilichofanya. Jumamosi ya tatu ya Oktoba tulikuta mvua imevuja ndani ya chumba tunamotunza viti. Kwa kimbelembele changu unachokijua, nikasema vije vikauke uani kwetu. Asubuhi hiyohiyo, Guy, mwenzetu wa machimbo ya Kakontwe, akavileta kwa mkokoteni, viti ishirini vya chuma pamoja na turubai. Nikamwachia avipange, mimi nikaenda kununua mikate ya wenzetu. Guy ni mtu wa utaratibu. Alivipanga mistari minne, vyote vikitazama mlango wa nyumba, na turubai akalifunga juu ya nguzo nalo likauke vizuri. Kisha akaenda zake.

Yaya, wewe ni mtoto wa Panda. Asubuhi mapema, turubai uani, viti vimepangwa, na ndani kuna mzee ambaye hajaonekana kwa miezi mitano! Mama Plamedi, jirani yetu wa ukuta mmoja, alichungulia mara moja tu, akapiga yowe.

Narudi na mikate yangu, nasikia vilio tangu kwenye kona. Watu walikuwa wanaingia kwetu, wanawake wamejifunga vitenge kiunoni, huyu na makaa, huyu na chumvi, huyu na kuku kwapani. Mama Orpa, aliyekuwa amesikia yowe tu, alinikuta njiani, akanikumbatia huku machozi yanamtiririka. "Berthe, mutoto yangu, papa alituacha!" Nami, mjinga niliyeleta viti mwenyewe, nikaangusha mikate na kuanza kulia. Niliamini, yaya. Niliamini palepale, kwa sababu miezi yote hiyo nilikuwa naingoja habari hiyo.

Uani Mama Plamedi alikuwa amekaa chini anaomboleza: "Papa Étienne, weye njo ulitengeneza mulango yangu, haukuomba hata kitu! Sasa nani atatuangaria?" Wale wazee wa kiwandani walioacha kuja walikuwa wamesimama na kofia mkononi, mmoja wao akilia waziwazi. Hapo mlango wa nyumba ukafunguka.

Baba alisimama na fulana yake ya ndani, ndevu zimemjaa, akatutazama mmoja mmoja. Akauliza: "Nani alikufa?"

Ni kuku peke yake aliyejibu. Mama Plamedi alitaka kukimbia, kitenge kikamkwaza. Mwishowe Mama Orpa akapata ulimi: "Papa, ni weye. Shiye bote tuliskia ni weye."

"Minye?" Baba akasema. "Na munalia bote juu yangu?"

Tuliendelea kulia, sasa kwa furaha na kwa aibu. Baba akashuka, akavuta kiti akae, kikayumba. Akakigeuza miguu juu, akakagua palipochomelewa. "Ni nani alisude hii kiti? Huyu muntu hajue kazi." Akapindua cha pili, akapindua cha tatu. Wazee wenzake wakaanza kucheka, na mmoja wao akaenda mwenyewe kuondoa gunia kwenye mashine.

Chakula kilikuwa kimeshafika, kwa hiyo kilipikwa. Baba alikula pamoja na watu wa kilio chake mwenyewe, akaomba aongezewe. Mchana umeme ulirudi, akachomelea viti sita kabla haujaondoka tena. Tangu siku ile hajakosa Jumamosi hata moja. Wamempa kizibao; analalamika kwamba kinambana, lakini hakivui. Juzi alitengeneza kiti cha magurudumu cha mgonjwa mmoja, na jana aligombana na Mama Orpa kuhusu urefu wa sala. Usidhani amemsahau Mama. Kuna siku bado anamlilia na hataki kusema na mtu. Ila siku hizo zinapita, na Jumamosi yeye ndiye anayeniamsha.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, yaya. Baba asihame. Casimir ana moyo mzuri na umshukuru sana kwa niaba yetu, lakini Baba ana watu wake hapa, na sikuwa najua ni wengi kiasi hicho. Nawashukuru mpaka nakosa la kuwapa. Nikizibua mtaro nao, na tope limefika magotini, naona bado sijarudisha hata nusu ya walichotutendea.

Unisalimie sana wifi Jenny, umbusu Elie na dada yake Emmanuella, na wote wanaotukumbuka huko. Mama Plamedi anakusalimu. Bado anaona haya kupita mbele ya lango letu. Mungu awape afya na kazi, na awafungulie njia mnapotoka na mnaporudi.

Barua yako nilimsomea Baba baada ya misa. Nilidhani atakasirika. Aliuliza tu kama karatasi zako za kusafiria zimetoka, nikamwambia zimetoka tangu mwezi wa nane. Kwamba hukuweza kufika kwenye msiba wa Mama hajawahi kukulaumu, nami pia sikulaumu. Lakini ameniagiza niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisipunguze kitu: "Umuambie Magloire, hapana kunihamisha mu nyumba yangu. Na asingoye kilio yangu. Akuye hapa sasa, minye ningali muzima, tuongee."

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,

Berthe