Chumba Chako na Basi la Hospitali

Nyumba ya Kona,
Mkabala na Kinyozi,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na wifi yangu ninayemjua kwa picha, na hao wanao wanaonijua kwa sauti ya simu tu. Baridi ya huko inaendeleaje? Kile kikohozi kilikuachia? Ukinijibu usinidanganye, maana ukikohoa nitasikia hata kwenye karatasi.

Sisi huku hatujambo. Mama hajambo pia, ila magoti yake siku hizi yana kauli kuliko yeye mwenyewe. Yakisema leo hatutoki, basi hatoki. Anakula vizuri, anacheka, na bado anaficha sukari kana kwamba sisi ni watoto.

Naandika nimekaa mlangoni. Mvua imeacha sasa hivi na mtaa mzima unang'aa kama sahani iliyooshwa. Watu hawajatoka bado. Saa kama hizi hata Redio hunyamaza. Redio unamkumbuka, yule kinyozi wa mkabala, anayeanza kuongea ukikaa kitini na haachi hata ukishafika kwako.

Kaka, nina jambo la kukueleza na nimelizungukazunguka muda mrefu. Kwenye simu nimeshindwa. Ni habari ya chumba chako.

Mwaka jana halmashauri ilikata shauri kuboresha njia za mabasi. Basi la hospitali, ambalo sote tulilifuata mpaka barabara kuu tangu utotoni, likapangiwa kupita hapa mtaani kwetu. Tangazo likabandikwa kwenye nguzo ya umeme: mwenye pingamizi ajitokeze.

Pingamizi! Hakuna aliyekosa. Fundi wa kuchomea alisema vyuma vyake atavipanga wapi. Akina mama walisema watoto watagongwa. Wengine walilia vumbi, wengine honi, na Redio akaapa kwamba kibaraza chake kikiguswa, mtaa mzima utafuga ndevu. Mimi peke yangu nilifurahi kidogo, kwa ajili ya magoti ya Mama na ile safari yake ya kliniki. Lakini nilifurahi kimyakimya, maana siku zile kulisifu basi ilikuwa kujitafutia maneno.

Kisha akaja mpima wa halmashauri, kijana mwembamba mwenye macho mekundu, akachora alama ukutani kwetu. Basi likisimama linahitaji nafasi ya kuegesha pembeni, na nafasi yenyewe ilikuwa moja tu mtaa mzima: pale chumba chako kinapotokeza kuelekea barabarani.

Hujui chumba hicho kimetunzwaje. Kila asubuhi Mama hufungua dirisha lako kabla ya la kwake. Hubadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia. Mimi nashonea kwenye ujia, goti likigusa ukuta kila nikikanyaga cherehani, na nilipoomba niiweke humo mpaka utakaporudi, Mama aliniangalia kana kwamba nimesema tukutupie vitu vyako nje. Sikuomba tena. Nilikukasirikia, kaka, ukweli nausema. Mtu hayupo na bado ana chumba kikubwa kuliko sisi tuliopo.

Mama alikwenda mwenyewe kupinga, akijikokota na magoti yake. Karani akamuuliza kama mwenye chumba anakaa humo. Mama akajibu, "Yuko njiani." Nilikuwa nimemshika mkono, nikaangalia sakafu. Uko njiani tangu lini, wewe mwenyewe unajua.

Wakati huo wote nilikuwa naota ndoto moja. Basi linapita ndani ya nyumba yetu, polepole sana, halina sauti. Linapita ukumbini, pazia linalifuata kidogo kisha linarudi, na kondakta ananing'inia mlangoni akituomba radhi. Hakuna abiria. Nikiamka nabaki nimelala macho wazi, sijui kama nimeogopa au nimependa.

Sasa sikiliza lililotokea. Siku ya mpima kuja kupima mara ya mwisho, watu walikuwa wamepanga kumkabili hapa hapa. Yeye akafika mapema kuliko walivyodhani. Jua lilikuwa kali, Mama akamfungulia chumba, akamwambia akae kidogo amletee maji. Pa kukaa ni kitandani tu. Mama aliporudi na maji alimkuta ameanguka ubavu, futi yake ya chuma mkononi, amelala usingizi wa pono.

Nilitaka kumwamsha. Mama akanizuia. Akaweka glasi chini, akamvua viatu, akamfunika miguu kwa ile shuka ya maua. Kisha akavuta pazia na kurudi nyuma hatua kwa hatua, kama tulivyokuwa tukitoka chumbani mtoto akishasinzia.

Ndipo tukasikia filimbi. Mtaa mzima ulikuwa unakuja, mabango juu, Redio mbele. Mama akatoka mlangoni, kidole mdomoni.

"Shhh! Mtoto kalala."

Kaka, laiti ungeona. Watu wazima na mabango yao walisimama ghafla, filimbi ikafia mdomoni. Redio akanong'ona, "Mtoto gani?" Mama akasema, "Wa watu. Kachoka. Kaeni." Na wakakaa. Wengine kwenye ngazi, wengine kwenye mikeka, mabango wakayafanya kivuli. Hata diwani alipokuja mbio kuamua ugomvi, alikuta hakuna ugomvi, naye akavuka kibaraza kwa ncha za vidole na tumbo lake lile.

Basi mkutano ukafanywa kwa minong'ono. Hewa ilikuwa imetulia, nzi mmoja anazunguka, na kila mtu ilibidi amsogelee mwenzake ili amsikie. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtaa huu kusikilizana, maana hakuna aliyeweza kumfunika mwingine kwa sauti. Fundi alinong'ona, akina mama walinong'ona, diwani akaandika. Wakakubaliana matuta yawekwe, honi isipigwe, na kibaraza cha Redio kibaki. Yote yakapita kama kwenye usingizi.

Kikabaki chumba chako. Diwani alisema, kwa upole kwa kweli, kwamba bila nafasi ile basi halitapita, litabaki kule barabara kuu. Hakuna aliyemwangalia Mama. Wote wanajua, kaka. Hakuna asiyejua wewe ni wa kutumiwa salamu tu. Redio, ambaye mdomo haumfungi hata akinong'ona, akasema, "Ndiyo hivyo tena. Asiyekuwapo na lake halipo." Fundi akamkanyaga mguu.

Mama hakukasirika. Alikuwa anasikiliza kitu kingine. Kutoka nyuma ya pazia ulikuwa unakuja mkoromo, mkoromo mzito wa mtu mwenye uchovu wa siku nyingi, na Mama alikuwa amefumba macho anausikiliza. Nilidhani naye kasinzia. Kisha akasema, akiwa bado amefumba:

"Miaka yote hii nimefagia chumba. Njia sikuifagia. Pitisheni basi lenu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mimi niliyekuwa nakionea wivu chumba kile ndimi niliyelia, mpaka Mama akaninyooshea kidole nisimwamshe mtoto wa watu.

Mpima alipoamka akakuta mtaa mzima umekaa nje unamsubiri, viatu vyake vimepangwa mlangoni. Masikini, alitaka kupitia dirishani. Mama akampa chai, akamuuliza amelalaje. Akasema hajalala hivyo tangu mtoto wao azaliwe, nyumbani wanakesha kwa zamu. Siku hizi akipita kazini huku humletea Mama picha za huyo mtoto.

Walibomoa baada ya mvua za kwanza. Mama hakuondoka, alikaa kwenye kiti akawaelekeza waanze wapi, kama fundi mkuu. Kitanda chako kiko ukumbini na nguo zako nimezikunja mwenyewe. Ukuta ulipoanguka mwanga uliingia nyumbani mpaka jikoni, mahali ambapo haukuwahi kufika, na sisi wote tukabaki tumesimama humo tukiangalia mikono yetu.

Sasa pana kituo, kaka. Paa la bati jembamba na benchi, na benchi liko pale pale kilipokuwa kitanda chako. Alasiri Mama hutoka na ungo wake wa mchele, hukaa hapo kuchambua. Abiria humsalimia, wengine humsaidia kutoa mawe. Kwenye jumba la halmashauri kituo kina namba, lakini hakuna anayeijua. Siku za kwanza za basi watu walikuwa wakisema nishushe pale chumbani, na jina likanasa. Makondakta wanaliita kwa sauti ya kuvuta, kama watu wanaobembeleza: "Chumbaaani! Wa Chumbani!" Nikiwa kwenye cherehani nalisikia linakuja kutoka mbali, linapita, linaondoka, na mguu wangu unasahau kukanyaga.

Mama hajanituma kukuandikia haya. Angejua angesema nisikusumbue, una kazi. Lakini naona nikuambie kwamba basi likisimama yeye huacha mchele, huangalia kila anayeshuka, mpaka wa mwisho. Haulizi kitu. Kisha hurudi kwenye mawe yake.

Shangazi anakusalimu sana, na anasema deni la kanga alizomwahidi wifi halijafa. Fundi wa kuchomea anakusalimu. Redio anakusalimu na kukukumbusha kwamba nywele zako anazijua yeye peke yake duniani. Wabusu wanao, uwaambie wana shangazi mwenye maneno mengi na kitambaa cha vazi moja moja la kila mmoja kimeshanunuliwa, nasubiri vipimo.

Ukija, kaka, huna haja ya kututafuta. Panda basi la hospitali, umwambie kondakta akushushe Chumbani. Shuka taratibu. Kuna mwanamke atakuwa amekaa kwenye benchi, mdogo kuliko unavyomkumbuka, kichwa cheupe chote, atasogea kukuachia nafasi bila kujua ni nani, kwa sababu huwapisha wote hivyo. Amezeeka sana. Tafadhali usije ukampita.

Mungu akulinde ulalapo na uamkapo, na akufungulie njia.

Wako akupendaye daima,
Kitindamimba wenu.